Tulivyomtafuta Lushombo wa Idjwi kwenye wosia na vitabu vya ubatizo ili binti yetu aolewe

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Huku mvua imenyesha tangu asubuhi, depo nimemwachia kijana, nimekaa na chai yangu. Nimesoma nyuzi zenu kwa miaka mingi bila kuchangia kitu. Leo nalipa deni.

Ninachoandika ni kweli tupu. Majina ya watu nimeyabadili, isipokuwa jina la Lushombo, kwa sababu bila hilo hakuna uzi. Picha za ushahidi ninazo, ila mama yangu amekataza nisiziweke. Mtanisamehe.

Kwa wasionijua: nimezaliwa Cimpunda, kule Kadutu, kilima ambacho mvua ikinyesha unashuka ukiwa umekaa. Nilikwenda Tanzania na mfuko mmoja wa nguo, nikabeba mizigo Kariakoo, nikajisomesha mwenyewe hadi nikapata diploma ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Nimerudi nyumbani, nina depo ya saruji, nina ghorofa Nguba, na ukipita ziwani kwa boti unaiona. Diploma iko sebuleni, kwenye fremu.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Tuendelee.

Kaka yangu mkubwa alifariki akaacha binti, Furaha. Nimemlea kama wangu. Sasa hivi ni muuguzi, mpole, ila akikuamulia jambo huna pa kupita. Mwaka huu akaniletea habari ya kijana anaitwa Pascal, agronomu, yaani bwana shamba, mtu wa kisiwa cha Idjwi. Nikamchunguza. Anafanya kazi, hanywi kupita kiasi, na ananisalimia kwa mikono miwili. Nikasema waje wajitambulishe.

Wakaja. Nilikuwa nimetayarisha kila kitu: viti vya kukodi, sambaza (dagaa wetu wa ziwani), kreti za bia, kreti za sukre, yaani soda, kwa walokole.

Kwetu, siku ya kujitambulisha, msemaji wa upande wa kijana lazima ataje ukoo. Anataja baba, anataja babu, anasema walikuwa watu gani. Si mapambo. Wazee wanasikiliza ili kujua kama damu zinagusana. Zikigusana, ndoa hakuna, hata kama watoto wamependana namna gani.

Msemaji wao akasimama. Pascal, mtoto wa fulani, mwana wa Lushombo wa Idjwi, seremala wa mitumbwi.

Mama yangu akashika mkono wa kiti.

Baba yake mama yangu aliitwa Lushombo. Alikuwa seremala wa mitumbwi.

Msemaji wetu alikuwa Tonton Déo, mdogo wake marehemu baba yangu. Ni mtu asiyependa haraka. Akaweka chupa chini, akauliza: "Lushombo gani huyo?"

Yule msemaji akadhani tunamsifia mzee wao. Akajibu kwa furaha kwamba ni Lushombo mwenyewe, babu yake Pascal, bado yuko hai kisiwani, na ufundi wake ulitoka kwa mtu mmoja wa bara, upande wa Mumosho.

Mama yangu kazaliwa Mumosho.

Wakuu, hapo sambaza hazikuliwa tena. Jina Lushombo si jina la kila mtaa. Wazee waliinuka mmoja mmoja, wakatoka nje, wakarudi. Tonton Déo akasema kwa heshima kwamba mambo ya leo tuyaache hapa, upande wetu una jambo la kuangalia kwanza. Wageni wakavaa kofia zao.

Kama mzee wa Idjwi ni mtoto wa babu yangu, basi ni kaka wa mama yangu. Na Furaha na Pascal ni ndugu.

Jioni Furaha alinifuata jikoni. Hakulia. Aliniambia ameshapeleka kitambaa cha gauni kwa fundi, na mchana ule ule amempigia simu amwambie asikate. Kisha akasema: "Tonton, ukikuta tuko bandugu, uniambie mimi kwanza. Kabla ya ba wazee. Nisisikie mu salon, na watu banaangalia."

Nikamuahidi.

Sasa mtauliza, na kuna mmoja hapo chini ataniuliza tu: kwa nini msimpigie simu huyo mzee mkamuuliza baba yake ni nani?

Mkuu, kwetu huwezi kumuuliza mzee mwenye mvi kwamba baba yako ni nani. Ukiuliza hivyo umemtukana mama yake, tena kaburini. Ndoa ingekufa siku hiyo hiyo na watoto wake wangekusindikiza kwa mawe.

Kwa hiyo ilibaki njia ya karatasi. Na njia ya karatasi ndiyo shule yangu.

Nilianza na wosia. Babu yangu alifariki mama akiwa mtoto mdogo, na kabla ya kufa aliandikisha wosia kwa karani, enzi za Wabelgiji. Nakala yake ilikaa ndani ya faili la shamba la Mumosho, na sisi tulikuwa tunaiita "karatasi ya shamba" tu. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nikaitandika mezani chini ya kioo, kama tulivyofundishwa, nikaisoma polepole. Mama alikaa pembeni.

Shamba aachiwe binti yangu. Hilo tulilijua.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao hakuna aliyewahi kuujali, kwa kuwa hauhusu ardhi: msumeno wangu na randa yangu apewe mtoto wangu Lushombo wa Idjwi.

Mtoto wangu.

Niliusoma kimya, nikataka kuuruka. Mama akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamsomea.

Akaniambia anaikumbuka siku vyombo vile vilipotoka nyumbani. Mtu alikuja kutoka ziwani akavibeba begani, na yeye akamfuata hadi njia panda akilia, kwa sababu randa ile ilikuwa na harufu ya baba yake. Maisha yake yote alidhani ilikuwa imeuzwa.

Nilikunja karatasi nikaenda kulala bila kula. Furaha sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba mtaalamu hatoi jibu kwa hati moja.

Basi nikapanda boti kwenda Idjwi, kwenye parokia ya zamani ya upande ule. Nilitaka kwenda na kurudi bila kuonekana na familia ya Pascal. Nikavaa suti, nikabeba mkoba. Hilo lilikuwa kosa. Kisiwani pale wanajuana hadi mbuzi, halafu mimi nashuka na suti na tai, naulizia vitabu vya ubatizo. Kabla sijamaliza kupanda kilima, mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo ananisalimia na kuniuliza kama nimeshapata kitabu ninachotafuta.

Katibu wa parokia alikuwa mtu mwema. Nilimweleza nia yangu, nikamwonyesha kitambulisho na, sina haya kusema, fotokopi ya diploma. Akanitolea vitabu vya miaka ile. Vizito, vyenye vumbi, mwandiko wa mapadre umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikuwa najua pa kuangalia.

Nikampata. Mtoto: Lushombo. Baba: Kalinda, mvuvi. Mama yake yupo, na jina lake limeandikwa vizuri. Na kwenye safu ya baba wa ubatizo: Lushombo, seremala, wa Mumosho.

Wakuu, nilipiga meza ya parokia kwa kiganja. Baba ni Kalinda! Babu yangu ni baba wa ubatizo tu! Katibu akanikumbusha kwamba niko nyumba ya Mungu. Nikaomba radhi, nikapewa nakala yenye mhuri, nikarudi Bukavu nikiwa nimesimama kwenye boti kama gavana.

Niliita wazee. Nikaweka karatasi mbili mezani, nikaeleza kila moja inasema nini. Nilieleza vizuri sana.

Tonton Déo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kitu ambacho, kusema kweli, kilikuwa na akili.

Alisema zamani zile, kama msafiri alimpa mimba binti wa watu, familia ilikuwa inamtafutia mtoto baba wa kuandikwa, na msafiri mwenyewe anawekwa kuwa baba wa ubatizo ili apate sababu ya kuja kumwona. Kila mtu anafunikwa. Padre anaandika alichoambiwa.

"Papier moja inasema ni mutoto wake," akasema. "Ingine inasema hapana. Weye mwenye diplôme, tuamini gani?"

 Hakuna chuo kinachokufundisha kujua karani alidanganywa au la. Nilimwambia tu kwamba nitaendelea kutafuta, na nilikuwa sijui nitafute wapi.

Mama yangu akazikunja zile karatasi mbili, akanirudishia. Akasema: "Nitaenda kumusalimia."

Tonton Déo akamuuliza atakwenda kumuuliza nini. Mama akajibu hatauliza kitu. Mtu akisikia kuna mzee ana jina la baba yake, anakwenda kumsalimia, hilo si swali.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana kuna wasomaji wa Pwani na wa Bara, na msipojua desturi hii mtanipotea.

Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, anakuwa homonyme wa mtu huyo. Nyinyi mnaita somo, au wajina. Lakini kwetu haliishii kwenye jina. Anayebeba jina la baba yako, unamwita papa. Kitinda mimba wangu ana jina la marehemu baba mkwe wangu, na mke wangu anamwita "papa" akimvisha soksi. Akiiba sukari, mke wangu anasema papa ameiba sukari. Hatutanii, ndivyo ilivyo. Na homonyme naye anajua nafasi yake. Anajua ni nani watoto wake.

Haya, turudi kwenye boti.

Tulikwenda mimi na mama. Alivaa vitenge vyake vizuri, vile vya Pasaka, akafunga kilemba. Ni mwanamke wa miaka themanini hivi, na alikuwa hajapanda boti tangu ujana wake. Alishika kamba njia nzima, hakunijibu nikimsemesha. Mimi safari hii sikuvaa suti.

Mzee Lushombo tulimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigogo, anachonga kasia. Mrefu, mkavu, mikono kama mizizi. Umri wake na wa mama yangu hauachani. Alitutazama tukipanda njia yote na hakuinuka.

Akaniangalia mimi kwanza. "Njo weye ulienda kunitafuta mu kitabu ya ba padre?"

Nikasema ndiyo, mzee.

"Na miye niko hapa."

 Mama akanipita. Akaenda hadi mbele yake, akapiga magoti kwenye vumbi na vitenge vyake vya Pasaka, akapiga makofi polepole kama binti anavyomsalimia mzazi.

"Papa," akasema, "nimekuya kukusalimia."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekuja kufanya. Kama mzee yule alikuwa damu ya babu yangu, na mama yake alimwambia ukweli, basi huyu mbele yake ni dada yake. Asingekubali dada yake amwite papa. Angemwinua, angesema hapana, mimi ni kaka yako. Mwanamume wa kwetu hawezi kuinyamazia salamu kama ile.

Mzee akaweka kasia chini. Akanyoosha mkono, akaushika uso wa mama yangu, mtu mzima mwenye vitukuu.

"Karibu, mutoto yangu," akasema. "Ulichelewa."

Mama akalia. Mimi nilikwenda kuangalia migomba.

Baadaye alitueleza mwenyewe bila kuulizwa. Babu yangu alikuwa amelala kwa Kalinda mvuvi msimu mzima akimchongea mtumbwi. Mke wa Kalinda akashikwa na uchungu, mtoto hatoki. Mtumbwi wa zamani wa Kalinda ulikuwa umeoza, na mpya ulikuwa haujaonja maji, lami yake haijakauka. Babu yangu akausukuma ziwani hivyo hivyo, wakampakia mjamzito, wakapiga kasia kuelekea kwa masista wa zahanati. Hawakufika. Mtoto alizaliwa katikati ya maji, ndani ya mtumbwi wa Lushombo, huku Lushombo anakinga maji yanayoingia kwa kofia yake. Kalinda akasema jina limeshapatikana, na babu yangu akasimama kuwa baba wa ubatizo. Ndiyo maana wosia ukasema mtoto wangu.

"Na ile mutumbwi?" nikauliza.

"Ilivuja mpaka siku iliisha," akasema mzee. "Baba yangu Kalinda hakuitupaga."

Akamtuma mjukuu wake wa kike ndani. Akarudi na randa. Mbao yake nyeusi, imelika pale vidole vya mafundi wawili vilipokuwa vinashika mahali pamoja. Alisema alipopata akili alikuta vyombo vimemngojea, ikabidi ajue kazi. Alisema pia kwamba akiwa kijana alipeleka samaki Mumosho kwa watoto wa jina lake, akakuta nyumba imefungwa, wameshahamia mjini, na hakuna wa kumwelekeza. Samaki akawapa majirani.

 Mama aliichukua randa, akainusa.

Nilishuka gatini kutafuta mtandao. Kama nilivyoahidi, wa kwanza alikuwa Furaha. Alipokea kabla simu haijaita vizuri, na hakusema halo.

Nikamwambia: "Mwambie fundi akate."

Nilisikia watu wa wodini wakimuuliza ana nini.

Nyumbani Tonton Déo alikuwa anatungoja mlangoni. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, hatua kwa hatua. Alinipita, akamuuliza mama jambo moja tu: "Alikuita mutoto?"

"Aliniita mutoto."

"Bas," akasema, na akaingia ndani kutafuta kiti. Maelezo yangu sikuyatoa hadi leo. Ndiyo haya mnayosoma.

Siku ya mahari walikuja tena, hapa hapa kwangu, na safari hii sambaza zililiwa. Mzee Lushombo alikuja nao kwa boti. Amevaa koti ambalo nadhani lina umri wangu. Akakaa mbele, upande wa kijana, mahali pa mkubwa wao.

Wasemaji wakasimama. Kabla Tonton Déo hajafungua mdomo, mzee akainuka na fimbo yake. Akavuka uwanja taratibu, kila mtu anamtazama, akaja hadi upande wetu. Mama akasogea. Akakaa pembeni yake.

Wajukuu zake wakachanganyikiwa. Mmoja akamwita babu yake: "Koko, upande wetu ni huku."

"Kwenu nitarudi jioni," akasema. "Sasa niko kwangu."

Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Walidhani ni utani. Tonton Déo akataja ng'ombe tunaotaka, upande wa kijana wakaanza kulia hali ngumu kama ilivyo ada, na mzee akagonga fimbo chini.

"Muongeze moja. Huyu ni mutoto ya batoto yangu. Simutoi kwa bei hiyo."

Msemaji wao, maskini, alikuwa amejiandaa kupambana na sisi, hakuwa amejiandaa kupambana na mkubwa wake mwenyewe. Akageuka huku, akageuka kule, akakaa. Ng'ombe akaongezwa.

Na sasa sikilizeni: ng'ombe huyo wa kuongeza alitoka kwenye zizi la mzee mwenyewe. Hakuna mwingine mwenye ng'ombe katika familia ile. Alijitoza mwenyewe, na akaondoka jioni kwa boti, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Furaha ameshaolewa. Gauni lilimkaa vizuri.

Nilichojifunza, kwa wanaopenda mafunzo: kama kwenu kuna wosia wa mzee, usiusome kwa kutafuta ardhi tu. Soma na mistari ya vyombo, ya nguo, ya vitu ambavyo havina bei. Ukienda kwenye kitabu cha ubatizo usiishie kwenye safu ya baba na mama, angalia ni nani alisimama pembeni. Tunza nakala. Na karatasi zikishakufikisha mlangoni kwa mtu, muache mama aingie kwanza.

Diploma yangu bado iko kwenye fremu na wala siishushi, maana bila hiyo tusingemjua Kalinda. Ila ukutani pembeni yake nimepigilia msumari mmoja. Mzee amesema siku yake ikifika, randa irudi kwa mama yangu. Mama amemjibu kwamba papa asiseme maneno hayo, hana haraka, msumari ungoje.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani hapa ana mtu anayemwita baba na hakumzaa? Na kama kuna mtu wa Mumosho anayesoma, ambaye bibi yake aliwahi kusimulia kijana wa ziwani aliyegawa samaki bure mbele ya nyumba iliyofungwa, naomba aandike. Kuna mzee Idjwi anataka kujua kama samaki wale waliiva vizuri.